Saa ya Mwisho ya Fidelis Mgaya Inakwama

Kwaya ilifungua midomo, ikagoma kuifunga.

"Umeona?" Gaudensi Mgaya alisema. "Umeona, fundi? Ndiyo hivyo tangu asubuhi. Wanaimba, wanaganda. Wanaimba, wanaganda. Na watu wanakaa saa tisa!"

"Nimeona, mzee."

"Saa tisa kamili. Wengine wametoka Ludewa."

Yustina Mlowe hakuongeza neno. Mtu aliyefiwa na mdogo wake hajibiwi kila analosema, na mtu anayekusimamia kisogoni ukiwa kazini hajibiwi kabisa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni kubwa ya sebuleni, koti bado mwilini, kwa sababu Njombe mwezi wa saba haina masihara. Kwenye kioo wanakwaya thelathini walikaa midomo wazi kama wanaomsubiri daktari wa meno, kisha wakaruka ubeti mzima na kuibukia mwishoni mwa wimbo.

"Hapa nyumbani kuna watu wangapi sasa hivi?" aliuliza.

"Hamsini. Sitini. Kwa nini?"

"Wote wana simu?"

"We fundi, unaishi karne gani?"

Haya. Picha inayotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye televisheni ni kazi ya watu watatu. Kompyuta inafunga mizigo, picha thelathini kwa kila sekunde. Waifai inabeba. Televisheni inafungua na kupanga. Picha ikikwama, mmoja kati ya hao watatu amezembea, na fundi asiyejua ni yupi atabadilisha kila kitu mpaka nyumba iingie giza. Yustina alikuwa na miaka minane katika kazi hii, alijua pa kuanzia. Kompyuta ilikuwa chumba cha ndani kabisa, chumba cha marehemu. Kati yake na sebule palikuwa na kuta mbili za tofali za kuchoma, kabati la nguo lenye kioo kirefu, na simu sitini za wafiwa zikigombea hewa ileile.

Alitoa waya wa mtandao mkobani, mita ishirini. Akaupitisha dirishani, ukaambaa ukutani juu ya vichwa vya akina mama waliokuwa wakimenya viazi, ukaingia sebuleni kwa dirisha la pili.

"Jamani, msiukanyage!"

"Tumesikia, fundi! Kuanika nguo je, tunaruhusiwa?"

Wakacheka, kisha wakakumbuka kuwa ni msiba, wakainamia viazi vyao.

Kwaya ikaimba. Ikaimba beti nne mfululizo bila kumeza hata silabi moja, na Gaudensi akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu alfajiri.

"Basi. Imekwisha."

"Hiyo ni kwaya, mzee. Bado Saa yenyewe. Naomba utoke, ufunge na mlango."

Alitoka shingo upande.

Zamani, siku ya kuanua matanga, alisimama mtu akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliugua nini, alifariki saa ngapi. Watu wakaamini, au wakajifanya wameamini, wakala, wakarudi makwao. Siku hizi wasifu bado unasomwa, ila hakuna anayeusikiliza. Watu wanangoja Saa. Kila mtu ana pini, punje ndogo chini ya ngozi pembeni mwa jicho, inayochota kile jicho linachokiona. Haina masikio. Haikumbuki zaidi ya saa moja. Inajiandika na kujifuta, inajiandika na kujifuta, mwaka hadi mwaka. Moyo ukisimama, nayo inasimama, na ile saa moja inabaki. Sheria inasema Saa ni mali ya ukoo. Inaonyeshwa mara moja tu, mbele ya wote, na inajifuta nyuma yake kadiri inavyokwenda. Fundi peke yake ndiye anapewa ufunguo wa kuijaribu bila kuifuta, naye anakula kiapo cha mambo mawili: atatazama namba, hatatazama picha, na wakati wa Saa hatafungua mdomo.

Kiapo hicho Yustina alikuwa hajawahi kukivunja. Wala hakuwahi kukitafakari sana, tuseme ukweli. Lakini nyumba hii ilikuwa imemkosesha raha tangu aliposhuka kwenye pikipiki. Fidelis Mgaya, miaka arobaini na moja, alianguka kutoka kwenye ngazi akitengeneza bomba la tangi nyuma ya nyumba. Aliyekuwepo ni mmoja tu, mkewe Agnetha, aliyekuwa chini akimshikia ngazi. Asubuhi ya siku hiyo majirani waliwasikia wakigombana. Jirani wa kwanza kufika aliikuta ngazi imelala chini, hatua mbili kutoka kwenye tangi. Kwa ukoo wa Mgaya hayo yalitosha. Gaudensi alikuwa ameyasema wazi wazi, fundi akiwa bado anachomeka nyaya, kwa sauti ya mtu anayetaja chakula cha mchana: Saa ikionyesha yule mwanamke aliachia ngazi, leo hii anaondoka na begi lake, na watoto wawili wanabaki kwa baba zao.

*

Alipobaki peke yake sebuleni Yustina aliingiza ufunguo kwenye kompyuta yake ndogo ya kazi, akageuza kiti upande, akatazama namba.

Namba zilikuwa safi. Vifurushi vilivyopotea njiani, sifuri. Prosesa, ubongo wa kompyuta ya chumbani, ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia kumi na tano tu, haijapata hata joto. Aliiendesha Saa kwa kasi, dakika kumi, ishirini, arobaini, zote zimenyooka. Dakika ya hamsini na tisa ikakwama.

Ebo!

Akarudisha nyuma. Ikakwama palepale. Akazima hali ya kuokoa umeme kwenye televisheni. Akashusha ubora wa picha. Akabadilisha waya. Akakimbia chumbani akaizima kompyuta, akaiwasha upya, akazunguka meza mara tatu ikiwa inaamka. Ikakwama palepale, mara saba ndani ya dakika moja, na namba hazijatikisika hata kidogo. Hitilafu ya njiani huhama. Leo iko hapa, dakika ijayo iko kule. Hii ilikuwa imekaa mahali pamoja kama mpangaji.

Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu. Nje viti vilikuwa vinashushwa kwenye lori, vinagongana, na mtu fulani alikuwa anafoka kuhusu sufuria. Kwa namba alikuwa amemaliza yote. Lilibaki jambo moja, na hilo kiapo kilikuwa kimelikataza.

"Mungu wangu, nisamehe," alisema, akageuza kiti.

Aliona mikono ya mwanamume, spana, bomba. Kisha mwanamume akatazama chini: mwanamke mwenye kitenge cha kijani, mikono miwili imeshika ngazi, uso juu, anasema kitu. Kioo kikawa cheusi. Bomba tena. Kikawa cheusi, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Mwanamke, bado ameshika, bado anasema, sasa macho yamemtoka. Cheusi. Cheusi tena, na tena, hadi mara ya saba. Halafu wingu, na baada ya wingu, fremu mbili tu, picha mbili kati ya zile thelathini za sekunde moja, kitu ambacho mtu wa kawaida asingekiwahi kwa jicho: ngazi imesimama wima kwenye tangi, na mikono miwili bado imeishika.

Mwisho.

Yustina alijua vizuri kitakachotokea saa tisa. Picha ikikwama kwenye dakika ya kufa, watu sitini watapiga kelele kwa sauti moja, "Jazia! Washa Jazia!" Kila nyumba inayo. Ni kitufe tu kwenye rimoti. Picha zikipungua, televisheni inabuni zile zinazokosekana na kuzipachika katikati, mpira unakwenda mwororo, watu wanafurahi. Aliibonyeza aone.

Dakika ile ilinyooka, hakuna doa. Mwanamke mwenye kitenge cha kijani akaachia ngazi kwa mkono mmoja, kisha kwa wa pili. Akarudi nyuma hatua mbili. Akatabasamu.

Yustina alijishika mdomo.

Jazia haioni, jamani. Jazia inakisia, na inakisia kutokana na kile ambacho nyumba hutazama. Nyumba ya wapenda mpira, itakujazia mpira. Yustina alifungua kumbukumbu za televisheni ile: miaka sita ya tamthilia, asubuhi mpaka usiku, wake wanaotia sumu, mashemeji wanaochoma wosia, watu wanaosukumwa ngazini wakati muziki unapanda. Televisheni ilikuwa imefundishwa vizuri. Ilipopewa mwanamke, ngazi na pengo, ilijua la kufanya. Zile fremu mbili za kweli, zilizoonyesha mikono, iliziona taka ikazifuta.

Akaizima. Akafungua kumbukumbu za pini yenyewe, asome kila pengo limeandikwaje. Hakuna lililoandikwa "kupotea." Yote saba yaliandikwa "kope." Mtu akipepesa kawaida, pini haihesabu. Hapa ilihesabu: pengo la kwanza sekunde moja, la mwisho tatu.

Kwa hiyo hapakuwa na hitilafu. Kompyuta ilifunga kila ilichopewa, waya ukabeba, televisheni ikafungua. Fidelis Mgaya ndiye aliyekuwa anafumba macho akiwa juu ya ngazi, na kila mara alichelewa zaidi kuyafumbua.

*

"Hodi."

Bibi Kolumba, mama wa marehemu, hakungoja karibu. Aliingia na kikombe cha chai, akakiweka juu ya kompyuta ndogo ya fundi, mahali ambapo fundi yeyote angepiga ukunga, na Yustina hakupiga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa. Umefungiwa humu kama mwizi." Alibaki amesimama, anatazama kioo kilichozimwa. "Imekubali?"

"Imekubali, Bibi. Isipokuwa mahali pamoja."

"Mwishoni."

Hakuuliza. Alisema. Yustina akaondoa kikombe juu ya kompyuta, akakishika kwa mikono miwili.

"Bibi unajua ni nini."

Bibi Kolumba alikaa kwenye ukingo wa kochi. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amewafariji watu waliokuja kumfariji. Sasa alivuta kanga yake mara mbili, mara tatu, kama haimtoshi.

"Alianza ana miaka tisa," alisema. "Anakula, ghafla anafumba macho, kijiko kiko hewani. Unamwita, hasikii. Mara anafumbua, anaendelea kula kama si yeye. Hospitali walisema ni aina ya kifafa. Alikunywa dawa mpaka akawa mkubwa, akaacha, nikasema basi, kimeisha. Tulipokwenda kuposa, wazee wa akina Kilasi, ukoo wa Agnetha, waliuliza kama wanavyouliza watu wote: kwenu kuna maradhi gani? Mimi ndiye niliyejibu. Nikasema sisi ni wazima."

"Na mkewe hakuambiwa? Miaka yote?"

"Na nani?" Aliinua uso. "Washa Jazia, mwanangu. Iende moja kwa moja, watu waone ameteleza, yaishe. Ana watoto wawili wa kike. Likitajwa lile neno mbele ya ukoo mzima, nani atakuja kuwaposa? Nani?"

Yustina alimwelewa, na hilo ndilo lililomuuma. Hakuwa mbele ya mtu mbaya. Kiapo kilikwisha kuvunjika. Kukivunja mara ya pili hakukumgharimu kitu.

"Bibi, kaa hapohapo. Tazama wewe mwenyewe hiyo Jazia itawaonyesha nini."

Bibi Kolumba alitazama. Alitazama bomba, ngazi, mkono mmoja, mkono wa pili, hatua mbili, tabasamu.

"Huyu si Agnetha," alisema.

"Si yeye."

"Agnetha hacheki hivyo. Huyu ni nani?"

"Ni televisheni yako, Bibi. Imebuni."

Nje mtu wa sufuria aliendelea kufoka. Bibi Kolumba alikuwa bado anatazama pale ambapo tabasamu lilikuwepo, na aliposema tena, hakumtazama fundi.

"Wakiona hivi, watoto watabaki hapa."

"Bibi!"

"Nasema tu. Nimelea sita, wawili siwezi?" Akaisogeza rimoti karibu na fundi. "Mafundi wengine huwasha, wala hakuna anayewauliza. Fanya kama wao."

Akanyanyuka, akatoka, na mlangoni alisikika akimwambia mtu kwa upole kwamba fundi anamalizia, msimsumbue.

Yustina hakuweza kukaa. Alikwenda dirishani, akarudi, akashika rimoti, akaiweka. Akiwasha Jazia, mwanamke asiye na kosa ananyang'anywa watoto. Asipoiwasha, ukoo utaiwasha wenyewe, maana rimoti haina kiapo. Na kulikuwa na njia ya tatu, ambayo ilimkaa kichwani ikakataa kutoka. Jazia inafundishika. Angeweza kuilisha picha za mikono iliyoshika, ngazi imara, mguu unaoteleza, dakika ishirini tu za kazi, na saa tisa ukoo mzima ungeona Agnetha ameshika mpaka mwisho na Fidelis ameteleza kwa bahati mbaya. Mke anabaki na watoto. Watoto wanabaki na jina safi. Bibi anabaki na siri yake. Nani ameumia hapo? Uongo mzuri kiasi hicho hupatikana mara ngapi?

Alianza. Haki ya Mungu, alianza. Alifungua mipangilio, akachagua picha kumi na mbili, akaanza kuzilisha moja moja, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko siku zote. Kwenye picha ya saba akasimama. Wiki ijayo kuna Saa nyingine, Uwemba, na ukoo wa huko nao watakuwa na yao wanayoyapenda. Watamwita fundi anayejua kulisha. Watamwagiza tabasamu, na atakuwa na jibu gani wakati mkono umeshazoea?

Akafuta zote saba. Kisha akajilaumu, kisha akamlaumu Bibi, kisha akamlaumu Fidelis aliyepanda ngazi na ugonjwa wake bila kumwambia mtu. Gaudensi akagonga mlango.

"Fundi! Saa tisa kasoro robo! Imekubali au haijakubali?"

"Imekubali, mzee. Waite watu."

*

Sebule ilijaa mpaka korido. Wazee walipewa makochi, akina mama mikeka, vijana wakasimama. Agnetha alikaa kwenye mkeka wa kona, kitenge kimemfunika kichwa, na pembeni yake palikuwa na nafasi ya watu wawili ambayo hakuna aliyetaka kuikalia katika chumba ambacho watu walikuwa wanakanyagana. Watoto wote walitolewa nje. Bibi Kolumba alikaa mbele, karibu na kioo.

Wasifu ulisomwa, haukusikilizwa. Sala ikasaliwa. Yustina akabonyeza.

Ukoo wa Mgaya ukaitazama dunia kwa macho ya Fidelis. Alikunywa chai. Alimfunga binti yake kamba ya kiatu, na wanawake wakaanza kulia. Alitafuta spana stoo, akaitafuta tena, akaikuta mfukoni, na mtu mmoja akacheka kwa machozi, "Fide huyo!" Alitembea mpaka kwenye tangi. Mwanamke mwenye kitenge cha kijani alikuja akashika ngazi.

Bomba. Mikono. Cheusi.

"Aa!"

Bomba. Cheusi.

"Inakwama! Fundi, inakwama!"

"Pale pale muhimu! Washa Jazia!"

"Jazia, fundi, jamani!"

Yustina hakusogea. Gaudensi alikuwa tayari amesimama. Alinyoosha mkono mrefu juu ya bega la mama yake, akanyakua rimoti mezani, akainua kidole gumba. Na Saa ile ilikuwa inajifuta nyuma yake, sekunde kwa sekunde, haina kurudi.

Yustina akachomoa waya.

Kioo kikawa cha buluu. Kelele zilizopigwa hapo sina haja ya kuzieleza. Kuna aliyemwita mchawi, kuna aliyeuliza amepewa nini na yule mwanamke. Yustina alipanda juu ya stuli, koti lake likiwa bado mwilini, akavunja nusu ya pili ya kiapo.

"Imesimama tu, haijafutika!" alipaza sauti. "Naomba dakika tatu. Dakika tatu, wazee wangu, halafu mnifukuze. Mzee Gaudensi, hebu mpe mama yako kikombe hicho cha chai kilicho mezani."

"Unasema nini wewe?"

"Mpe tu. Kila mtu atazame."

Labda ni mshangao uliomfanya atii. Alichukua kikombe, akampa mama yake, mama akapokea, akanywa funda moja. Jicho la televisheni, lile la kupigia ndugu walio mbali, lilirekodi. Yustina alitoboa rekodi hiyo matundu saba, kila moja pana kuliko lililotangulia, na akawasha Jazia mbele yao wote.

Kwenye kioo, Gaudensi akachukua kikombe. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Mkono wake ukaingia kwenye mfuko wa koti, ukatoka na kichupa kidogo, ukainama juu ya chai. Akampa mama yake. Akatabasamu.

Mtu mmoja kwenye korido alicheka, kisha akaacha. Gaudensi alikuwa amepapasa mfuko wa koti lake, mbele ya watu, kuhakikisha.

"Sina kitu," alisema. "Mama, sina kitu mfukoni!"

"Tunajua, mzee," Yustina alisema. "Tumekuona wenyewe sasa hivi. Lakini tusingekuwepo, tungeamini. Hiyo ndiyo Jazia ya nyumba hii."

Hakuna aliyeitaja tena. Gaudensi aliirudisha rimoti mezani taratibu, akaisukuma mbali na yeye. Yustina akachomeka waya.

"Mapengo mtakayoyaona si ya waya, wala si ya kompyuta," alisema. "Ni ya marehemu mwenyewe. Kila kioo kinapokuwa cheusi, ni yeye amefumba macho. Mkiona wingu, msipepese. Baada ya wingu kuna kitu kinapita haraka sana."

Akabonyeza. Mwanamke, ameshika. Cheusi. Mwanamke, ameshika, macho yamemtoka. Cheusi. Cheusi, muda mrefu, mpaka mtu akasema "Yesu wangu." Wingu. Ngazi wima, mikono miwili.

Kisha hakikubaki kitu cha kutazama, hapo wala mahali pengine popote duniani.

"Ameshika," mzee mmoja alisema. "Ngazi haikuanguka. Mmeiona?"

"Nimeiona."

"Mimi pia. Ngazi imesimama."

"Mbona ilikutwa chini?"

"Niliitupa nikimkimbilia," Agnetha alisema kutoka kwenye kona. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusikia sauti yake. "Nilisema tangu siku ile."

Gaudensi alimgeukia fundi. "Sasa kwa nini afumbe macho juu ya ngazi?"

Yustina hakutazama upande wa Bibi Kolumba. Alijizuia kwa nguvu zake zote, shingo ikamuuma.

"Hilo pini haijui, mzee," alisema. "Kazi yangu imeishia hapo."

Agnetha alikuwa ameshusha kitenge kutoka kichwani.

"Mezani," alisema polepole. "Alikuwa anafumba hivyo mezani. Naongea naye, anafumba macho. Miaka yote hiyo nikajua amenichoka. Ndicho tulichogombania asubuhi ile. Nilimwambia, kama umenichoka sema, usinifumbie macho." Akamtazama mama mkwe wake. "Mama, si nilikuuliza? Nilikuuliza zaidi ya mara moja. Ukaniambia ni usingizi."

Watu wakageuka kumtazama Bibi Kolumba. Alikuwa bado na kikombe kile mkononi, na chai ilikuwa inamwagikia kanga.

"Hakukuchoka," alisema. "Ni ugonjwa. Anao tangu ana miaka tisa. Wazee wenu waliuliza, nikawadanganya." Alijaribu kunyanyuka, akashindwa, akasemea palepale alipokaa. "Uliishika ngazi, mwanangu. Mimi sikukwambia umshike yeye."

"Mama!" Gaudensi alisema, na sebule ikalipuka, wengine wakimtuliza, wengine wakimuuliza, wengine wakiulizana wao kwa wao. Agnetha hakulia, na hakusogea kumwendea. Alisubiri mpaka wakapumua.

"Na wanangu?" aliuliza.

Bibi Kolumba alikung'uta chai kwenye kanga yake.

"Mama. Wanangu je? Yupo anayefumba?"

Bibi alikitazama kikombe. Alimtazama fundi pia, kwa sekunde moja, kama anayetafuta kitufe cha kubonyeza.

"Editha," Bibi alisema. "Nilimwona Jumapili. Anakunywa uji."

"Yuko wapi?" Agnetha alikuwa amesimama. "Editha yuko wapi?"

"Yuko nje na wenzake," kijana mmoja alijibu kutoka mlangoni. "Wamepanda lile lori la viti."

Watu walimpisha. Kitenge kilibaki mkekani, na Agnetha akatoka mbio akiita jina la mtoto kwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya mazishi. Nyuma yake, bila viatu, mkono mmoja ukutani, alitoka Bibi Kolumba.